Kijana Akisema Amemwona Marehemu

Kila mwaka ifikapo Novemba tunawaombea marehemu wetu. Ni vema, ndugu msomaji, tuwafikirie pia waliobaki, na hasa vijana. Matanga yakiisha watu hutawanyika, naye kijana hurudi shuleni akiwa ameambiwa neno moja tu: "Jikaze." Halafu usiku mmoja anasema amemwona mama yake amesimama mlangoni, au amemsikia akimwita kwa jina.

Hapo nyumba hugawanyika. Shangazi husema ni mzimu unadai tambiko. Jirani husema kuna mkono wa mtu, na yuko tayari kumtaja. Mwingine husema ni pepo, apelekwe akaombewe. Wenzake shuleni humwita chizi. Kila mmoja ana jibu, lakini hakuna aliyekaa na kijana mwenyewe akamwuliza: Ulimwona lini? Alikuambia nini? Na wewe unajisikiaje?

Maoni yangu ni kwamba maswali hayo ndiyo dawa ya kwanza, na yatangulie mambo mengine yote.

Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, alitangaza matokeo ya mahojiano yake na wajane na wagane karibu 300. Karibu nusu yao walisema wamewahi kumhisi marehemu kwa namna moja au nyingine. Baadhi walimwona au kusikia sauti yake. Wengi wao hawakuwa wamemweleza mtu yeyote. Hawakuwa wendawazimu. Akili iliyozoea sauti na nyayo za mpendwa kwa miaka mingi haiachi kumtazamia kwa siku moja. Kwa hiyo kijana aliyemwona marehemu mara moja au mbili, lakini anakula, analala na anaendelea na masomo, hahitaji kutishwa. Anahitaji mtu wa kulia naye.

Lakini tusidharau dalili za hatari. Ikiwa sauti inamwamuru ajidhuru au amfuate marehemu; ikiwa halali usiku kwa siku kadhaa, anaacha kuoga, anazungumza peke yake, au anawashuku wa nyumbani kuwa wanamtilia sumu, huo unaweza kuwa ugonjwa wa akili. Apelekwe hospitali mapema, kwa maana ugonjwa wa namna hii ukicheleweshwa huwa mgumu zaidi kutibika. Huko watapima pia malaria, kifafa na matumizi ya bangi au pombe, kwani hayo nayo huweza kumfanya mtu aone visivyokuwepo. Na majonzi makali yasiyopungua hata baada ya miezi 6, yakamzuia kijana kuishi maisha yake, nayo yanatambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa tatizo linalohitaji matibabu.

Wazazi wengi huogopa kumwuliza mtoto kama anafikiria kujiua, wakidhani watamtia wazo hilo. Sivyo. Kumwuliza kwa upole humpa nafasi ya kutua mzigo. Akikubali kwamba anafikiria hivyo, asiachwe peke yake. Ondoeni karibu naye dawa za mashambani, vidonge na kamba, kisha mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Wengine huchelewa kwa aibu, kwa sababu jina la Mirembe, ile hospitali ya Dodoma, limegeuzwa kuwa tusi mitaani. Lakini safari haianzii Mirembe. Anzeni na kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Wengi hutibiwa na kurudi nyumbani. Akipewa dawa, asiziache kwa kuwa amepata nafuu, bila kumwuliza daktari. Kumfunga kamba au kumpiga ili "pepo" atoke ni ukatili, wala si tiba.

Je, tusimwombee? Tumwombee sana. Lakini Katekisimu inafundisha kwamba kabla ya kupunga pepo ni lazima kuhakikisha kuwa si ugonjwa, maana ugonjwa wa akili ni kazi ya waganga wa hospitali. Tena, sheria ya Kanisa hairuhusu kazi hiyo ifanywe na yeyote isipokuwa padre aliyepewa ruhusa na Askofu. Kuita roho za wafu kwa ramli kumekatazwa kabisa. Sala na dawa si maadui. Vyote viwili ni vipaji vya Mungu yule yule.

Jumuiya Ndogo Ndogo hufanya vizuri sana siku za msiba: kuni, maji, rambirambi na rozari. Ningependa zirudi tena baada ya miezi mitatu, nyumba ikiwa kimya, ziulize hali ya watoto. Marehemu tunamwombea pumziko la milele. Aliye hai tumsindikize, ili asitafute njia ya kumfuata.