Gari Yetu Yavuja Wapi?

Wanachama wenzangu,

Sina ugomvi na Halmashauri, wala siandiki haya kwa kumvunjia mtu heshima. Lakini msimu uliopita gari yetu ya chama, ile Hilux kongwe ya dizeli, ilitulaza njiani mara tatu, na mara moja katika hizo ilikuwa imebeba magunia ya karafuu mbichi. Kila mkulima ajua maana yake. Karafuu mbichi ikilala guniani hupata joto, na asubuhi ukiimwaga juu ya jamvi huna ila mpeta. Hasara hiyo haikuandikwa katika hesabu za gari, ila wenyewe waliozichuma waijua. Na karafuu kavu nazo hazikusalimika: magunia mawili yalifika yakinuka dizeli, tukarudi nayo nyumbani kwa aibu.

Basi tulifanya nini? Tulinunua. Tangi tukalitia kiraka, filta tukabadilisha, kisha tukaambiwa ni pampu ya dizeli, tukachanga tena. Gari ikazidi kuvuja. Sasa wapo wasemao kuwa imezeeka, iuzwe. Mimi sikubali. Tulinunua dawa kabla ya kuujua ugonjwa, na hata gari mpya ingetushinda kwa mtindo huo.

Mafuta hayadondoki pale yanapotokea. Yetu yalitoka juu ya injini, yakatambaa mpaka nyuma kwenye gamba la klachi, na gari ikienda upepo ukayasukuma chini ya bodi hata yakadondoka karibu na tangi. Ndiyo maana tangi likahukumiwa bure.

Aliyeuona ukweli ni dereva wetu, ambaye hakuna aliyemwuliza. Aliiosha injini kwa sabuni, akaiacha ikauke, akanyunyiza poda ya watoto juu ya mipira na mirija yote, kisha akaiwasha. Hazikutimia dakika 10, mstari wa unyevu ukajichora katika ile poda. Ulianzia kwenye kipira kifupi cha mafuta yanayorudi kutoka kwenye nozeli. Kilikuwa kimepasuka-pasuka kama kisigino cha mchumaji. Thamani yake haikufikia kilo moja ya karafuu kavu.

Mvujo wa pili ulikuwa na hila zaidi, kwa kuwa hautoi hata tone. Katika gari yetu pampu huyavuta mafuta kutoka tangini, hayasukumwi. Kwa hiyo palipo na ufa kati ya tangi na pampu, gari inapokwenda, badala ya mafuta kutoka, upepo huingia. Alama zake tulikuwa nazo siku zote: asubuhi injini yapigwa stata hata betri yachoka, ukiibonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta yaingia laini, na baada ya kuibonyeza mara nyingi gari yawaka kama haikuwa na neno. Dereva akaweka kipande cha mpira mweupe wa kuonea ndani baina ya filta na pampu, na viputo vikaonekana vikipita. Mpira wa kuingilia filta ulikuwa umekauka na klipu yake imelegea. Huo ndio uliotulaza njiani.

Pampu nayo tuitendee haki. Marekani ilipopunguza salfa katika dizeli mwaka 1993, pampu nyingi za zamani zilianza kuvuja kwenye sili za mpira, nazo chuma chake kilikuwa kizima. Sili hubadilishwa bila ya kununua pampu.

Jambo moja silifanyii mzaha. Mirija ya chuma itokayo kwenye pampu kwenda kwenye nozeli ina nguvu ya zaidi ya mara 100 ya hewa tuivutayo. Asitie mtu kidole kutafuta mvujo hapo injini ikiwaka. Dizeli hupenya ngozi, na tundu laweza kuwa dogo kama la sindano, lakini mkono ukapotea. Hupitishwa kipande cha boksi, nacho kikilowa pamejulikana. Aliyepenywa aende hospitali saa ile ile, hata kama haoni maumivu. Na hii desturi ya kufunga mpira wa baiskeli na sabuni ya mche juu ya mirija, tuiache. Huficha tu alama tunayoitafuta.

Rai yangu ni hii. Halmashauri isitie saini kununua kipuri cha mafuta mpaka fundi amwonyeshe dereva na mjumbe mmoja pale panapovuja, na gari inayotona isipakiwe karafuu, mbichi wala kavu. Poda na boksi vimo chini ya kiti cha dereva. Naomba jambo hili liwekwe katika ajenda kabla wachumaji hawajapanda mikarafuu.