Hell's Gate: Mshachanga Pesa, Lakini Nani Atasema "Turudi"?

Juma hili tuyaache kidogo yale ya nani kamwacha nani. Leo tufunge viatu, tuchukue chupa za maji, twende zetu Hell's Gate. Naona vijana wa mjini mmeanza kuchoka na disko kila Jumamosi. Sasa mnataka hewa safi, picha kali na miguu inayouma Jumatatu asubuhi. Safi sana!

Kwa wale hawajafika, Hell's Gate ni mbuga ya taifa iliyo karibu na Ziwa Naivasha, kama kilomita 90 hivi kutoka Nairobi. Ilianzishwa mwaka 1984. Si kubwa, ni kilomita 68 tu za mraba na ushei, lakini uzuri wake si wa kupimwa kwa futi. Ukiingia unakutana na magenge mekundu yaliyosimama wima kushoto na kulia, kama kuta za ngome ya mfalme. Ni kazi ya volkeno za zamani. Katikati yake barabara ya vumbi, na pundamilia wanakuangalia kama wewe ndiye kioja. Wapenzi wa sinema, ile ya pili ya Lara Croft iliyotoka mwaka 2003, sehemu zake zilipigwa hapo hapo.

Utamu mwingine ni kwamba hapa huhitaji gari. Ni mojawapo ya mbuga chache za Kenya ambako unaruhusiwa kutembea kwa mguu au kuendesha baiskeli kati ya wanyama. Twiga, swala, ngiri, wote wapo. Chui pia wapo, ila si wa kuonekana ovyo. Wa kuogopa ni nyati. Huyo ukimwona, picha piga ukiwa mbali, ushujaa wacha nyumbani.

MIPANGO NA CHAPAA

Maze, safari nyingi hufia kwenye michango. Mnasema twende watu kumi na tano, siku ya kulipa mnabaki watano, na kila kikundi kina yule jamaa wa "nitatuma jioni". Jioni yenyewe haifiki. Wekeni tarehe ya mwisho ya kuchanga, na asiyelipa aachwe bila kinyongo.

Usafiri si kazi. Panda matatu ya Naivasha, raukeni mapema, saa moja asubuhi iwakute njiani. Ukifika Naivasha mjini, chukua matatu nyingine ya barabara ya Moi South Lake, umwambie makanga akushushe njia panda ya Hell's Gate. Hapo baiskeli za kukodi ziko tele. Jaribu breki kabla ya kulipa, usije ukajua habari zake ukiwa mteremkoni. Kiingilio cha KWS hakipokewi kwa noti mkononi, unalipia kwa simu, kwa hiyo hakikisha simu ina chaji na salio. Kitambulisho usisahau, maana ndicho kinachokupa bei ya raia badala ya bei ya mgeni.

Kutoka lango la Elsa hadi kwenye korongo ni kama kilomita saba, nane hivi. Njiani utapita Fischer's Tower, lile jiwe la mita 25 lililosimama peke yake kama mtu aliyekosana na wenzake. Limepewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita huko miaka ya 1880. Beba maji ya kutosha, angalau lita mbili kila mtu. Viatu viwe vya soli inayoshika. Dada yangu, vile viatu vyako vya visigino viachie harusi. Na chakula kifiche, nyani wa huko hawaombi, wananyang'anya.

SASA TUONGEE YA MAANA

Kila anayepanga Hell's Gate kichwani mwake anafikiria korongo, lile la Ol Njorowa. Ni kweli linavutia. Kuta zinabanana mpaka mahali pengine ukinyoosha mikono unagusa pande zote mbili, na maji ya moto yanachuruzika kutoka kwenye mwamba. Lakini jiulize, nani alilichonga? Ni maji. Zamani Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko sasa, likafurika likatokea hapo. Korongo lile ni mfereji, na mfereji haujasahau kazi yake.

Mwezi Aprili 2012, vijana wa kanisa walikwenda matembezi kama haya yenu. Mafuriko yakawakuta korongoni, saba wakafa. Watu wakasema ni masika, walikwenda wakati mbaya. Haya, Septemba 2019, ambayo si masika wala vuli, maji yakaja tena yakaua watu saba, akiwemo kiongozi aliyewatembeza. Kwa hiyo usiniambie kalenda yako iko sawa.

Tatizo ni kwamba mvua haihitaji kukunyeshea wewe. Inanyesha kule juu, milimani, kwako jua linawaka na mnapiga picha mkicheka. Mwamba haunywi maji. Yote yanakimbilia kwenye korongo, yakibeba matope, mawe na magogo, na yanafika kwa dakika chache.

Ndiyo maana nasema, kabla ya kuchagua nani atabeba redio, chagueni nani atasema "turudi". Mchagueni mkiwa bado Nairobi, kwa akili timamu. Asiwe mwoga wa kuchekwa. Na mkubaliane kabisa kwamba akisema, hakuna kura, hakuna "tumalizie kona hii moja tu". Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu pesa ikishachangwa haisikii mvua. Watu wamelipa, wameamka alfajiri, wamevaa fulana mpya, nani atakubali kuishia mlangoni?

Huyo mtu wenu kazi yake ni hii. Langoni awaulize maaskari wa mbuga kama korongo limefunguliwa siku hiyo na kama kumenyesha kule juu. Wakisema limefungwa, limefungwa, msitafute kijana wa kuwapitisha kwa mia mbili. Kama mnaruhusiwa, mwende na kiongozi anayelijua korongo, na kabla hamjashuka awaonyeshe njia za kupanda juu kwa dharura. Mkiwa ndani, maji yakibadilika rangi yakawa ya udongo, au mkisikia mngurumo kama lori linakuja, msikimbie kufuata korongo. Maji yana mbio kuliko nyinyi. Pandeni juu hapo hapo, mifuko na viatu vilivyovuliwa viacheni.

Na muwe na mpango wa pili, ili kurudi kusiwe msiba. Korongo likikataa, zungukeni na baiskeli, tazameni tai kwenye magenge, laleni hemani Naiberta au Ol Dubai kama mmelipia. Kuna hata bwawa la maji ya moto kule Olkaria la kulowesha misuli. Hiyo nayo ni raha, tena ya kusimulia.

Majabali yale yamekaa hapo maelfu kwa maelfu ya miaka. Mkiyakosa Jumamosi hii, Jumamosi ijayo mtayakuta. Wazee wenu wanataka kusikia geti likifunguliwa jioni na sauti yako ikiuliza kama kuna chakula. Wapeni hiyo.

Haya, nendeni mkatembee. Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa!