Mgeni Amfukuzaye Mwenyeji

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika programu ya Pandoc, mgeni akija mwenyeji hufukuzwa, tena kimyakimya.

Pandoc, iliyoanzishwa na John MacFarlane mwaka 2006, hugeuza maandishi yetu kuwa ukurasa wa HTML. Tangu toleo la 2.11 la mwaka 2020, ukurasa kamili huvishwa mitindo ya msingi: mistari ina kikomo cha upana, picha hazizidi nafasi yake, na kwenye skrini ndogo pambizo hupunguzwa. Lakini mwanafunzi akiongeza faili lake la CSS kwa amri ya --css, hata likiwa na mstari mmoja wa kubadili rangi ya vichwa, karibu mitindo yote hiyo huondolewa. Hata ukubwa wa herufi alioutaja kwa fontsize mwanzoni mwa hati haufanyi kazi tena.

Watetezi husema: aletaye mitindo yake anataka uwanja mtupu. Sikubali. CSS yenyewe, iliyopendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994, imejengwa juu ya msingi mwingine: agizo la mwandishi hushinda pale liliposema, na palipo kimya mpangilio wa kivinjari huendelea. Aliyeomba rangi hakuomba picha zifurike.

Watasema pia kwamba mwongozo umeeleza. Ni kweli, umeeleza. Lakini mwongozo ni mrefu, na amri hutekelezwa bila onyo lolote. Anayeanza atajuaje alichopoteza?

Hili si jambo dogo. Sisi wa Butihinda, jirani na mpaka wa Kobero, tunataka insha zetu zisomwe ng'ambo zote mbili. Msomaji mwenye simu akilazimika kuvuta ukurasa kulia na kushoto, hatailaumu programu. Atasema Kiswahili chetu kimeandikwa ovyo, kisha ataacha kusoma.

Dawa ipo, na ni fupi: ongeza -V document-css=true. Mitindo ya msingi itarudi, na faili lako, kwa kuwa huja baada yake, litashinda pale mnapopingana. Basi, wahadhiri wetu, msitufundishe kuwasha kitu bila kututajia kinachozimika. Nasi wanafunzi tufungue ukurasa kwenye simu kabla ya kuukabidhi.