UCHAMBUZI: Tiba ya Mkorosho Huanza kwa Kuutambua Ugonjwa

Kila mwaka, mvua za masika zinapokoma na baridi ya Juni inapoanza kushika katika mikoa ya Mtwara, Lindi, Ruvuma na Pwani, mikorosho hutoa machipukizi mapya na kuanza kuchanua. Miezi hiyo michache, kati ya Juni na Septemba, ndiyo huamua mkulima atapeleka magunia mangapi ghalani minada itakapofunguliwa Oktoba. Ndicho pia kipindi ambacho viuatilifu vya ruzuku vinavyotolewa na Serikali kupitia Bodi ya Korosho Tanzania (CBT) hutakiwa kuwa vimekwishafika mikononi mwa wakulima waliosajiliwa.

Matangazo ya ugawaji wa pembejeo hizo hufuatiliwa kwa karibu vijijini, na maswali yanayotawala ni mawili: mkulima atapata mifuko mingapi ya salfa, na itafika lini. Ni maswali ya msingi. Hata hivyo, lipo swali linalostahili kutangulia yote mawili, nalo ni kwamba mkorosho uliopo shambani unaumwa ugonjwa gani. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua iwapo ruzuku itageuka kuwa korosho au itaishia kuwa vumbi la njano juu ya majani.

Funzo la miaka ya nyuma

Uzito wa suala hili unaonekana katika historia ya zao lenyewe. Katika msimu wa 1973/1974, Tanzania ilizalisha takribani tani 145,000 za korosho. Kufikia msimu wa 1986/1987, uzalishaji ulikuwa umeporomoka hadi chini ya tani 20,000. Sababu hazikuwa moja. Bei ya mkulima ilikuwa ndogo, na uhamishaji wa watu kwenda katika vijiji vipya uliwaweka wakulima wengi mbali na mikorosho yao, hivyo mashamba yakageuka vichaka. Katika mazingira hayo, ndipo ugonjwa wa ubwiriunga ulipotambuliwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuenea kwa kasi.

Ubwiriunga uliwachanganya wakulima kwa sababu hauui mti. Mkorosho ulioshambuliwa husimama na majani yake kama kawaida, lakini maua hukauka na korosho hazifungi. Mwenye shamba aliweza kudhani kwamba mti umezeeka, au kwamba ardhi imechoka, ilhali tatizo lilikuwa kimelea cha ukungu kinachoweza kudhibitiwa.

Mabadiliko yalikuja baada ya ugonjwa kufahamika. Watafiti wa kituo cha Naliendele mkoani Mtwara, ambacho leo kipo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), walichunguza mwenendo wa kimelea hicho, wakapendekeza matumizi ya salfa, upogoleaji na upunguzaji wa miti iliyosongamana, na ubebeshaji wa mikorosho mikongwe kwa vikonyo vya aina bora. Uzalishaji ulipanda hadi zaidi ya tani 300,000 katika msimu wa 2017/2018, na kupita tani 500,000 katika msimu wa 2024/2025. Bei na masoko vilichangia ongezeko hilo, lakini bila kuutambua ubwiriunga hapangekuwa na korosho za kupelekwa sokoni.

Dalili zinazokaribiana, vyanzo tofauti

Changamoto ya sasa ni kwamba ubwiriunga si adui pekee tena. Mkulima wa leo anakabiliwa na matatizo kadhaa ambayo kwa jicho la haraka hufanana: majani hubadilika rangi, machipukizi hukauka, maua huanguka. Tofauti zake ndizo zinazoelekeza tiba.

Ubwiriunga huonekana kama unga mweupe au wa kijivu juu ya majani machanga, mashada ya maua, mabibo na korosho changa. Unga huo hufutika kwa kidole. Ugonjwa huu hustawi wakati wa kiangazi chenye baridi na umande, hasa katika miti yenye matawi yaliyosongamana. Hauhitaji mvua ili uenee.

Blaiti, iliyoanza kuripotiwa nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000, huleta madoa ya kahawia kwenye majani na korosho changa. Inapozidi, majani machanga huonekana kama yaliyobabuliwa na moto. Chule nayo husababisha maua, machipukizi na matunda machanga kuwa meusi na kunyauka. Yote mawili husababishwa na vimelea vya ukungu, lakini tofauti na ubwiriunga, hushamiri palipo na mvua na unyevu mwingi.

Mbu wa mikorosho si ugonjwa, bali ni mdudu anayefyonza utomvu katika machipukizi laini na kuacha vidonda vyeusi. Chipukizi lililoshambuliwa hukauka kuanzia nchani, na mara nyingi mkulima huhesabu hali hiyo kuwa ni ugonjwa. Dawa ya ukungu haimdhuru mdudu huyu. Kinyume chake, siafu wa mitini wajulikanao kama majimoto, ambao baadhi ya wakulima huwafukuza kwa sababu ya ukali wao, ni walinzi wanaomwinda. Shamba lenye majimoto wengi kwa kawaida huwa na uharibifu mdogo wa mbu wa mikorosho.

La tano ni mnyauko fusari, na ndilo linalohitaji uangalizi wa pekee.

Salfa ina kazi yake na wakati wake

Salfa ya unga ni kinga zaidi kuliko tiba. Hufanya kazi juu ya sehemu za mti ilipotua na haiingii ndani ya mmea. Kwa hiyo shada la maua lililokwisha kukaushwa na ubwiriunga halifufuki kwa kuongezewa salfa. Ndiyo maana wataalamu husisitiza mkulima akague shamba tangu maua yanapoanza kutokeza, na apulizie mara dalili za kwanza zinapoonekana, badala ya kusubiri shamba zima liwe jeupe.

Ushauri uliozoeleka ni gramu 250 za salfa kwa mti mkubwa katika kila mzunguko, na mizunguko kurudiwa kwa takribani siku 14 katika kipindi cha maua. Kazi hiyo hufanyika alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ukiwa bado juu ya majani, ili unga ushike. Salfa iliyopuliziwa adhuhuri penye upepo huishia shambani kwa jirani. Viuatilifu vya maji vya kudhibiti ubwiriunga huwa na muda mrefu zaidi kati ya mzunguko mmoja na mwingine, na mkulima anapaswa kufuata kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha bidhaa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA).

Aidha, ipo kazi inayotangulia salfa na isiyohitaji fedha za pembejeo. Nje ya msimu wa maua, kimelea cha ubwiriunga hujihifadhi katika maotea, yaani machipukizi yanayoota ndani ya kivuli cha mti. Mkulima anayeondoa maotea hayo na kupogolea matawi yaliyosongamana kabla ya maua kutoka huwa amepunguza chanzo cha ugonjwa hata kabla ya kufungua mfuko wa kwanza. Nafasi ya kutosha kati ya miti, ambayo kwa mashamba mapya hupendekezwa kuwa mita 12 kwa 12, nayo huruhusu mwanga na hewa kupita.

Matumizi ya salfa pasipo sababu hayana hasara ya fedha pekee. Utafiti uliofanyika katika mikoa ya kusini ulibaini kuwa salfa inayoanguka chini mwaka baada ya mwaka huongeza tindikali katika udongo, hasa udongo wa kichanga ambao ndio uliotawala maeneo mengi ya korosho. Vilevile, unga huo huwasha macho, ngozi na njia ya hewa, hivyo anayepulizia anapaswa kuvaa barakoa, miwani na nguo zinazofunika mwili.

Mnyauko fusari: ugonjwa usiopuliziwa

Mwaka 2012, mikorosho katika Kijiji cha Magawa, wilayani Mkuranga, Mkoa wa Pwani, ilianza kunyauka na kufa katika hali ambayo haikuwa imezoeleka. Uchunguzi ulibaini kuwa chanzo ni kimelea cha ukungu aina ya Fusarium oxysporum, kinachoishi katika udongo, kuingia kupitia mizizi na kuziba njia za maji ndani ya mti.

Majani ya mti ulioathirika hugeuka njano, kisha kahawia, na hatimaye mti mzima hukauka. Gome linapochongwa, mbao iliyo chini yake huonekana kuwa na michirizi ya kahawia mahali ambapo ingepaswa kuwa nyeupe. Hii ndiyo tofauti kubwa: ubwiriunga humnyima mkulima mavuno ya msimu mmoja, ilhali mnyauko humwondolea mti wenyewe, ambao pengine ulipandwa na wazazi wake na ungeweza kuzaa kwa miongo kadhaa.

Salfa haina msaada katika ugonjwa huu, kwa kuwa adui yupo kwenye mizizi na salfa inatua kwenye majani. Mkulima anayeendelea kupulizia mti wenye mnyauko hupoteza pembejeo zake na muda wake, huku kimelea kikiendelea kusambaa kwa udongo unaobebwa na majembe, viatu, matairi ya trekta na maji ya mvua. Kimelea hicho huweza kudumu ardhini kwa miaka mingi. Hatua zinazoshauriwa ni kutoa taarifa mapema, kung'oa mti uliothibitika kuathirika pamoja na mizizi yake na kuuteketeza papo hapo, kusafisha zana kabla ya kuingia katika shamba jingine, na kuepuka kuhamisha udongo au miche kutoka eneo lenye ugonjwa.

Hoja ya mwisho ina uzito wa kitaifa. Kilimo cha korosho sasa kinapanuka kwenda mikoa mipya, ikiwemo Singida, ambako Wilaya ya Manyoni ina shamba kubwa la pamoja. Mikoa hiyo inaanza ikiwa na ardhi ambayo haijawahi kubeba mikorosho kwa wingi. Mche mmoja uliotoka katika kitalu kisichokaguliwa, ukiwa na udongo wenye kimelea, unaweza kuhamisha tatizo la Pwani hadi katikati ya nchi.

Maswali matatu kabla ya kufungua mfuko

Utambuzi wa awali hauhitaji maabara. Unahitaji mkulima ajiulize maswali matatu akiwa chini ya mti. Kwanza, ni sehemu gani iliyoathirika: maua na majani machanga pekee, au mti mzima? Pili, dalili zimeanza wakati gani: katika baridi na umande, au baada ya mvua? Tatu, zimesambaa vipi: karibu kila mti shambani, au mti mmoja kisha majirani zake?

Unga mweupe kwenye maua mwezi Julai, karibu katika kila mti, huashiria ubwiriunga. Madoa kwenye majani machanga baada ya mvua huelekeza kwenye blaiti au chule. Nchani pakavu penye vidonda vyeusi hutaka mkulima amtafute mdudu. Mti mmoja unaogeuka njano wote, kisha wa pili uliopo jirani yake, ni sababu ya kumwita afisa ugani siku hiyohiyo, ili sampuli ichukuliwe na ugonjwa uthibitishwe na wataalamu wa Naliendele.

Wajibu wa pande zote

Serikali imejiwekea lengo la kuzalisha tani milioni 1 za korosho ifikapo mwaka 2030. Ruzuku ya viuatilifu, usajili wa wakulima na maafisa ugani waliopelekwa katika maeneo ya korosho ni nyenzo za kufikia lengo hilo. Hata hivyo, mafanikio ya nyenzo hizo hayawezi kupimwa kwa idadi ya mifuko iliyogawiwa pekee. Salfa inayofika kijijini baada ya maua kukauka imechelewa, hata kama idadi yake ni kamili. Afisa ugani mwenye wakulima wengi asioweza kuwafikia wote mwezi Juni atawafikia wengine wakati hakuna tena cha kuokoa. Kwa sababu hiyo, ratiba ya usambazaji inapaswa kufuata kalenda ya mkorosho, na taarifa za magonjwa kutoka vijijini zinapaswa kuongoza aina ya kiuatilifu kinachopelekwa kila eneo.

Kwa upande wake, mkulima anao wajibu wa kutoa idadi sahihi ya miti yake wakati wa kuhuisha taarifa, kufanya usafi wa shamba mapema, kununua miche katika vitalu vinavyotambuliwa, na kutoficha mti unaonyauka kwa hofu ya kung'olewa. Mti mmoja uliotolewa taarifa leo unaweza kuokoa ekari nzima, pamoja na ekari za majirani.

Wananchi wenye mashaka kuhusu hali ya mikorosho yao wanashauriwa kuwasiliana na afisa ugani wa kata, chama chao cha msingi cha ushirika au TARI Naliendele kabla ya kupulizia dawa yoyote. Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika shamba la mikorosho, hatua ya kwanza ni kuujua ufa ulipo.