MSITUFUNGIE UWANJA KABLA PESA HAZIJAFIKA

Mhariri amenipa nafasi na kunionya nisiimalize kwa salamu, kwa hivyo naingia uwanjani moja kwa moja. Maoni yangu ni haya: katika nchi hii yetu ya wakimbiaji, uwanja mbaya si ule wa vumbi. Uwanja mbaya ni ule uliozungushiwa mabati, ukatundikiwa ubao wenye jina la mradi na jina la mkandarasi, kisha ukaachwa hivyo. Wa vumbi utakimbia, ujipanguse, uende zako nyumbani. Wa mabati utachungulia tunduni tu.

Wengi hudhani vumbi ndilo adui. Wamesahau habari za Mzee Wilson Kiprugut Chumo wa jirani zetu Kericho. Mwaka 1964 kule Tokyo alipata shaba ya mita 800, nishani ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya nzima. Mwaka 1968 kule Mexico, katika Olimpiki ya kwanza kukimbiwa juu ya njia ya mpira, akapata fedha katika mbio zizo hizo. Je, alijifunzia juu ya mpira? Wapi! Wakati huo njia kama hiyo haikuwako Kenya. Mzee aliaga dunia Novemba 2022 akiwa ameuacha ushahidi huo. Sisemi tubaki na vumbi milele, la hasha. Saa za siku hizi zinataka njia ya mpira, na mtoto wa Longisa ana haki ya kuikanyaga kabla hajapanda ndege. Nasema tu kwamba vumbi lililo wazi lina faida kuliko mpira ulio kwenye karatasi.

Nisije nikaambiwa nabuni, tazameni Kamariny. Uwanja huo uko Iten, kaunti ya Elgeyo Marakwet, juu kabisa kwenye ukingo wa Bonde la Kerio. Ulikuwa wa udongo mtupu, lakini udongo wenyewe ulikanyagwa na mabingwa wa dunia, David Rudisha akiwa mmoja wao. Kabla ya uchaguzi wa 2017 serikali ikaanza kuugeuza uwe wa kisasa, na kiasi kilichotajwa kilikuwa kama shilingi milioni 287. Mashine zikaja, udongo ukachimbwa, wanariadha wakaambiwa kaeni kando kidogo. Halafu kimya. Mkandarasi akaondoka. Mwaka 2023 ulipofika, kazi ilikuwa bado haijaisha! Hebu piga hesabu. Aliyekuwa Kidato cha Kwanza wakati wa uchaguzi ule alimaliza Kidato cha Nne, akapata kitambulisho, akapiga kura ya 2022, na uwanja bado umefungwa. Wakimbiaji wa Iten walishuka hadi Tambach kutafuta mahali pa kufanyia mazoezi ya kasi, na wengine wakabaki barabarani wakipigiwa honi na matatu. Kabla ya ahadi walikuwa na uwanja. Baada ya ahadi hawakuwa nao. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo.

Sasa pesa huwa zimeenda wapi? Sisi tumezoea kumaliza mjadala wa aina hii kwa neno moja, "wamekula", na mimi naliona neno hilo kuwa la uvivu, maana ukishalisema huulizi tena. Kweli kuna zinazoliwa. Lakini nyingine hazikufika kabisa. Kusomwa kwa bajeti si kutolewa kwa pesa. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, na katikati hapo pesa hutoka hazina kidogo kidogo, tena kwa kuchelewa. Mkandarasi humaliza sehemu ya kazi, huwasilisha hati ya malipo, hungoja. Miezi inapita, vibarua wanadai, benki nayo inadai. Mwisho anapakia mashine zake kwenye lori na kwenda zake. Bei ya simenti na vyuma nayo haimngojei mtu, kwa hivyo siku ya kurudi kazini zile milioni za kwanza hazitoshi tena, na inabidi kuombwa nyingine. Inapokuja bajeti ya ziada na kutafutwa pa kupunguza, michezo haina wa kuilia. Hospitali ina wa kuilia, na ni haki yake, barabara pia.

Juu ya hayo kuna swali la mwenye uwanja ni nani. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kazi ya kusimamia michezo na viwanja vyake. Viwanja vya taifa navyo viko chini ya Sports Kenya, shirika lililoundwa kwa sheria ya 2013, na tena serikali kuu huingia kaunti kujenga inapotaka. Uwanja ukikwama, unapigwa danadana: Nairobi wanasema ulizeni kaunti, kaunti wanasema ulizeni Nairobi. Gavana akibadilika, mwingine huja na jiwe lake la msingi. Bomet yetu imekuwa na magavana watatu tangu 2013, na mjuavyo, jiwe la mwenzio halina utamu kama lako. Mwaka 2020 maseneta walivutana juma baada ya juma juu ya namna ya kuzigawia kaunti pesa, hadi Agosti hiyo Christopher Lang'at, aliyekuwa seneta wetu wa Bomet, akakamatwa pamoja na wenzake wawili. Mvutano uliisha Septemba. Wakati wote huo kaunti zilikuwa zikingoja, na ikiwa mishahara ya wauguzi inangoja, nani atakumbuka njia ya mbio?

Lakini kuna kitu kimoja ambacho huamsha pesa hata ziwe zimelala fofofo. Nacho ni sikukuu ya taifa.

Tangu 2016 sherehe hizi zimekuwa zikizungushwa kaunti kwa kaunti, nami nimeona zinapotua uwanja hupata uhai. Kinoru ya Meru na Bukhungu ya Kakamega, 2018. Gusii ya Kisii, 2020. Wang'uru ya Kirinyaga, 2021. Kisha ikawa zamu yetu ya huku kwenye chai: Mashujaa ya Oktoba 20, 2023, katika Kericho Green. Wale mliopita Kericho miezi ile mlijionea kazi ilivyokimbizwa. Baadaye Bungoma 2024, Homa Bay na Kitui 2025. Hazina ni ile ile, sheria za zabuni ni zile zile, mvua ni ile ile, ila safari hii kulikuwa na tarehe ambayo Rais angeketi pale. Basi uwezo upo! Kinachokosekana Kamariny na kwingineko ni mtu wa kuogopewa atakayefika siku fulani na kukuta mambo hayako tayari. Mkimbiaji wa miaka kumi na saba hufika kila asubuhi, lakini haogopwi na yeyote.

Nalipenda jukwaa kuu kama mtu mwingine yeyote, lina kivuli. Walakini uwanja unaojengwa kwa ajili ya sherehe hujengwa kuanzia jukwaani. Viti vya wageni huja kwanza. Njia ya mbio, shimo la mchanga la warukaji na lile shimo la maji la mbio za kuruka viunzi hungoja "awamu ya pili". Mbio hizo za mita 3000 zilikuwa mali yetu: kila Olimpiki tuliyohudhuria kuanzia 1968 hadi 2016, dhahabu ya wanaume ilikuja Kenya. Ilitutoka 2021 kule Tokyo, akaichukua Soufiane El Bakkali wa Moroko. Sitasema aliichukua kwa sababu ya viwanja vyetu, huo utakuwa uongo. Lakini nenda kwenye viwanja vingi vya shule zetu huku ukatafute shimo la maji, uniambie umeliona wapi.

Moroko hao hao wametufundisha jambo jingine. Kombe la CHAN la 2018 lilikuwa letu kuliandaa. Septemba 2017 CAF wakatunyang'anya kwa kuwa hatukuwa tayari, kama tulivyonyang'anywa Kombe la Afrika la 1996 likaenda Afrika Kusini. Moroko wakapewa CHAN, wakaiandaa, wakaitwaa. Tulipofanikiwa hatimaye kuipokea pamoja na Tanzania na Uganda, Agosti 2025, Moroko wakaja hadi Kasarani wakaitwaa tena, 3-2 dhidi ya Madagaska. Na katikati hapo, Juni 2024, Harambee Stars walicheza na Burundi na Kodivaa "nyumbani", na nyumbani kwenyewe kulikuwa Lilongwe, Malawi, kwa sababu hatukuwa na uwanja hata mmoja uliokubaliwa na CAF. Mwenye nyumba kwenda kupokelea wageni kwa jirani! Ni kisa cha Kamariny kilichovalishwa suti.

Kwa sisi watu wa chai jambo hili halihitaji maelezo marefu. Mchumaji huchukua majani mawili na kichipukizi, na majani hayo lazima yafike kiwandani siku hiyo hiyo. Lori la Kapkoros au la Mogogosiek likikwama matopeni usiku kucha, asubuhi majani yamegeuka rangi, na hakuna msamaha utakaoyarudisha. Mkimbiaji naye ana msimu wake. Shule hushindana riadha muhula wa kwanza, na kijana ana miaka michache tu ya kuonekana na makocha kabla hajaitwa nyumbani kusaidia shambani au kwenda kutafuta kibarua. Ukimwambia ngoja awamu ya pili, umemwambia aache. Beatrice Chebet wa Londiani alirudi kutoka Paris 2024 na dhahabu mbili, ya mita 5000 na ya 10,000, tukashangilia sote. Je, ni wangapi waliokuwa na miguu kama yake tusiowajua majina?

Rafiki yangu mmoja wa bweni hunibishia sana. Anasema, "Wee, usipoanza kujenga, pesa hazitakuja kamwe. Lazima uanze kwanza ndipo serikali ione haya iongeze." Hoja yake si ya kitoto. Miradi mingi ya harambee ilijengwa hivyo enzi za wazazi wetu, msingi leo, kuta mwakani, mabati Mungu akipenda. Tofauti ni kwamba darasa la harambee lilianzishwa penye nyasi tupu, hakuna aliyekuwa akisomea pale. Uwanja unaobomolewa ulikuwa ukitumika jana. Haya ya serikali nayo, kwa kadiri nilivyoona, si kitu cha kutegemea.

Kwa hivyo nataka kuwe na kanuni: uwanja wa zamani usifungwe mpaka pesa za awamu nzima ziwe katika akaunti ya mradi. Ziwe katika akaunti, maana kwenye hotuba huwa ziko kila siku. Kazi ianzie njia ya mbio, jukwaa lifuate. Na pakiwa lazima pafungwe, wakimbiaji waonyeshwe kwanza mahali pengine pa kukimbilia, kwa barua yenye tarehe. Natilia mkazo sasa kwa sababu mwaka 2027 una AFCON, tuliyopewa pamoja na Uganda na Tanzania, na una uchaguzi wa Agosti. Mawe ya msingi katika mwaka kama huo huota kama uyoga.

Wengi hapa shuleni hamjui kwamba tunaweza kuuliza haya bila kurusha mawe. Kila mwaka serikali ya kaunti hupeleka mkakati wake wa fedha katika bunge la kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na sheria inataka wananchi wasikilizwe. Vikao hivyo hujaa wazee wa barabara na akina mama wa maji. Wa viwanja hatuonekani. Naomba mlezi wa chama atuombee ruhusa, twende hata watano, tuketi nyuma kwa adabu, na mmoja wetu asimame aulize: pesa za uwanja mnaotaka kutufungia ziko katika akaunti gani, na kesho asubuhi tukakimbilie wapi?