Mtoto Mzito wa Kusoma Atafutiwe Chuo, Asifichwe

Leo twataka kusema neno ambalo wengi hapa Endagikot hulisema kwa kunong'ona. Kila mwaka matokeo ya mitihani yakitoka, nyumba yenye kijana aliyefaulu hujaa wageni. Lakini iko nyumba nyingine, ya kijana aliyekaa darasani miaka mingi na kusoma bado kunamshinda. Huyo hazungumzwi. Hupewa fimbo na ng'ombe, habari yake ikaishia malishoni. Sisi hatudharau ng'ombe. Tunalolikataa ni kwamba hakuna mtu aliyemwuliza kijana mwenyewe anataka nini.

Tena hapa kwetu Mbulu shida hii ina maficho yake. Mtoto hukua na Kiiraqw, Darasa la Kwanza akakutana na Kiswahili, Kidato cha Kwanza akakutana na Kiingereza. Akishindwa, husemwa kuwa ni lugha tu. Miaka hupita, kumbe kinachomshinda ni kuunganisha herufi na sauti yake, au akili yake yahitaji muda mrefu zaidi kushika jambo. Mwandishi wa maneno haya alisomea ualimu, na wakati wa mazoezi ya kufundisha alimchapa kijana mmoja kwa kile alichokiita uvivu wa kusoma. Jumamosi akamkuta kijana yule yule ameifungua baiskeli ya jirani vipande vipande, akairudisha yote bila kubakiza hata nati moja. Viboko vile havirudi tena.

Basi kijana kama huyo achaguliwe chuo gani? Wazazi wengine wakisikia Patandi, kule Tengeru, kuwa ni chuo cha elimu maalumu, hudhani ndiko kwa kumpeleka. Sivyo. Chuo kile hufundisha walimu wa watoto hawa. Mwalimu aliyetoka huko ndiye wa kumwendea ili amtazame mtoto na kukueleza shida yake hasa ni ipi. Kiko pia chuo cha ufundi cha watu wenye ulemavu Yombo, Dar es Salaam. Ni kizuri, lakini ni mbali, na kijana anayebabaika mahali pageni atakuwa peke yake.

Karibu nasi kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Tango, humu humu Mbulu. Vyuo vya namna hii vilianza mwaka 1975, baada ya Mwalimu Nyerere kuviona vya Sweden. Shabaha yake ilikuwa kumfundisha mwananchi kazi na uraia kwa Kiswahili, wala si kumchuja kwa mtihani. Hatusemi hivi kwa kukitangaza. Hata chuo cha karibu chaweza kumfaa mmoja kisimfae mwingine. Babati nako kuna VETA. Lakini popote uendapo, fahamu kwamba kozi ndefu huwa na mtihani wa kuandika pamoja na ule wa mikono, na kozi fupi mara nyingi hutazama kazi zaidi.

Kwa hiyo usilipe ada kabla ya kufika. Nenda na kijana mwenyewe, mkae karakanani saa nzima. Tazama mwalimu anaonyesha kwa mikono au anajaza ubao tu. Uliza kama atasomewa maswali, na kama ataongezewa muda. Msione haya kuuliza hayo, maana hata Baraza la Mitihani humwongezea mtahiniwa mwenye ulemavu dakika 10 kwa kila saa, na 20 katika Hisabati, mradi habari zake zimepelekwa mapema. Na kama ni binti, uliza sana habari za bweni: nani analala humo, nani analinda, na akionewa amwambie nani. Mzazi anayelipita swali hili ataulizwa na bintiye baadaye.

Kosa kubwa kuliko yote ni kumficha mkuu wa chuo ukweli ili mtoto apokewe. Hupokewa, na baada ya miezi miwili akarudishwa na sanduku lake, amevunjika moyo kuliko mwanzo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya elimu na ufundi. Nani ataidai haki hiyo kwa ajili ya mtu ambaye kwao wamekana kuwa ana shida?

Madiwani nao wajibu. Katika mikopo ya halmashauri, asilimia 2 ya mapato ya ndani ni ya watu wenye ulemavu. Twauliza: ni vijana wangapi wazito wa kusoma, wenye ufundi mikononi, waliopata cherehani au randa kwa fedha hiyo? Mikutanoni husikia habari za barabara tu.

Tawi litakwenda Tango pamoja na wazazi watakaopenda. Waandikishe majina kwa katibu. Nauli kila mtu atajilipia, na kijana aje naye.