Shahada ya Kifaransa ivuke mpaka

HOJA YA JUMAMOSI
Na Rehema Mbwambo

Nina ombi kwa vyuo vikuu vyetu vinavyofundisha Kifaransa. Mwanafunzi asivishwe joho kabla hajasoma na kuishi walau muhula mmoja mahali ambapo Kifaransa ndicho kinachoendesha darasa, ofisi na mahakama. Wala sisemi apelekwe Paris. Nasema Bujumbura na Lubumbashi.

Tuyatazame kwanza masharti yaliyopo. Anayetoka kidato cha sita, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, inamtaka awe na principal mbili zenye jumla ya pointi zisizopungua 4. D moja ni pointi 2, hivyo D mbili zinafikisha kiwango hicho cha chini, kisha kila chuo huongeza vigezo vyake. Akishadahiliwa, atakusanya krediti zisizopungua 360 kwa miaka mitatu. Krediti moja huhesabiwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi: mihadhara, semina, kujisomea na mitihani. Jumla ni saa 3,600.

Kwenye karatasi, saa hizo ni nyingi. Kwa makadirio ya kawaida, anayeanza Kifaransa bila neno hata moja huhitaji kati ya saa 500 na 650 za darasa kufika B2, ngazi ya nne kati ya sita za kipimo cha Ulaya kinachoanzia A1 hadi C2. B2 ndiyo ngazi ambayo vyuo vya Ufaransa kwa kawaida humdai mgeni anayetaka kuanza mwaka wa kwanza. Mhitimu wetu alipaswa kuwa ameipita zamani. Lakini saa 3,600 haziendi zote kwenye lugha. Anayesomea ualimu ana saikolojia ya elimu, ana mbinu za kufundishia, ana somo la pili. Katika zile zinazobaki, ni rahisi sana mwanafunzi kumaliza muhula akisikiliza habari za Kifaransa bila yeye mwenyewe kukizungumza.

Matokeo yake nimeyaona. Nilikaa nyuma ya darasa la kidato cha pili katika shule moja ya serikali. Mwalimu alikuwa kijana mwenye shahada na mwenye bidii. Aliandika ubaoni kitenzi être katika nafsi zote, akakifafanua kwa Kiswahili, wanafunzi wakanakili kimya. Kipindi kikaisha. Kifaransa pekee kilichotoka kinywani mwake kilikuwa salamu ya kuingia na neno la kuaga. Simlaumu hata kidogo. Hakuna aliyewahi kumweka mahali ambapo angelazimika kununua dawa, kubishana na mhadhiri au kuomba radhi kwa lugha hiyo.

Linganisha na mtihani wa DELF B2, unaotolewa kwa niaba ya Wizara ya Elimu ya Ufaransa. Una sehemu nne, yaani kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila moja alama 25. Kufaulu ni alama 50, na ukipata chini ya 5 katika sehemu yoyote umeanguka hata kama nyingine zote umeng'ara. Kwenye mazungumzo mtahiniwa huokota mada mbili, huchagua moja, hupewa dakika 30 za kujiandaa, kisha huketi mbele ya watahini kwa dakika kama 20. Anatoa hoja, nao wanaipinga, naye anaitetea. Aliyekariri minyambuliko ya vitenzi atakwama hapo, kwa sababu pingamizi la mtahini halimo kwenye notisi zake.

Ustadi wa namna hiyo haupatikani kwa kuongeza mihadhara. Waingereza wanalijua hilo. Kwa kawaida shahada yao ya Kifaransa huchukua miaka minne, na mmoja kati ya hiyo mwanafunzi huutumia katika nchi inayotumia lugha hiyo. Kwetu nafasi za kwenda nje hutegemea ufadhili, na anayezipata huonekana amebahatika. Mimi nataka jambo hilo liwe sharti la shahada, kama yalivyo mazoezi ya kufundisha kwa mwalimu.

Tena sisi tuna jirani. Ukitoka Kigoma unapita Manyovu, unaingia Burundi, na Chuo Kikuu cha Burundi hufundisha kwa Kifaransa. Lubumbashi, nchini Kongo, nako kuna chuo kikuu chenye historia ndefu, ambako V. Y. Mudimbe, mmoja wa wanafikra wakubwa wa Afrika, aliwahi kufundisha.

Najua nitakachoulizwa: huko si wanazungumza Kiswahili? Ni kweli. Mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura ni wa Waswahili, na Kiswahili cha Lubumbashi kinasikika sokoni, kanisani na kwenye daladala. Mwanafunzi wetu hatapotea, atapata chumba, chakula na watu wa kumwelekeza. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, kuishi tu hakutoshi. Sharti liandikwe hivi: asome kozi za chuo cha huko pamoja na wenyeji, afanye mitihani yao, isahihishwe na wahadhiri wao, na krediti zihamishiwe kwenye rekodi yake. Hapo hatakuwa na njia ya mkato. Kuandika insha ya kurasa kumi kuhusu sheria au historia, ukishindana na watu waliosomeshwa kwa Kifaransa tangu utotoni, kunajenga msomi.

Utaratibu wa kuhamisha krediti nao si wa kubuni upya. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu mwaka 2017, na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala lina kazi ya kuliwezesha. Kuhusu fedha, Bodi ya Mikopo ina fungu la mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi wa uhandisi hulitumia kwenda kiwandani. Wa Kifaransa kiwanda chake kiko ng'ambo ya mpaka.

Usalama ni hoja nzito na haipaswi kupuuzwa. Goma, mashariki mwa Kongo, iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari. Hakuna mzazi atakayekubali mwanawe apelekwe Kivu, na asipelekwe. Lubumbashi iko kusini kabisa, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Goma. Hata hivyo vyuo viwe na makubaliano na zaidi ya mji mmoja, Moroni nchini Komoro ikiwemo, ili hali ikiharibika mahali pamoja, pabaki pengine.

Faida ya sharti hili haitaishia darasani. Kifaransa kilipitishwa kuwa lugha rasmi ya Jumuiya Februari 2021, na Kongo ikajiunga mwaka 2022. Shaba ya Katanga inapita bandari ya Dar es Salaam. Wakala wa forodha na dereva Mkongo wanaelewana vizuri kwa Kiswahili, mpaka zitakapotolewa karatasi: mkataba, tamko la forodha, barua ya kulalamikia mzigo uliochelewa. Hizo ni za Kifaransa. Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imepokea mashauri mengi kutoka Benin, Mali na Côte d'Ivoire. Kazi za kuhudumia hati na mashauri hayo zinafanyika ndani ya nchi yetu, na ni haki vijana wetu waweze kuzishindania.

Kwa hiyo naomba mambo matatu yaingizwe katika vigezo vya programu hizi. La kwanza, mwanafunzi apimwe na mtahini wa nje ya chuo chake na kufikia B2 kabla ya kuingia mwaka wa tatu. La pili, muhula mmoja asome katika chuo kinachofundisha kwa Kifaransa. La tatu, tasnifu yake aiandike na kuitetea kwa Kifaransa. TCU inaweza kuyadai wakati wa kupitia mitaala, na vyuo vinaweza kuanza bila kusubiri kudaiwa.

Shahada ni kauli ya chuo kwa mwajiri, kwa mkuu wa shule na kwa mzazi, kwamba mtu huyu anaiweza kazi hii. Mwanafunzi aliyetoa miaka mitatu ya ujana wake anastahili kauli hiyo iwe ya kweli, na watoto watakaokaa mbele yake darasani wanastahili zaidi.